Nani Ameshika Chuma?

Kila asubuhi Mama Lehemu aliweka vikombe viwili mezani. Kimoja chake, kimoja cha binti. Walikunywa chai wakitazama ukuta. Kisha binti aliosha vikombe, akabeba mkoba wake wa shule na kusimama mlangoni.

"Nimeenda, Mama Mkubwa."

"Haya."

Mazungumzo ya asubuhi yalikuwa yamekwisha. Ya jioni hayakuwa marefu kuliko hayo.

Binti huyu wa miaka kumi na minne alikuwa mtoto wa mdogo wake Mama Lehemu, na mdogo huyo alifariki miaka mitatu iliyopita. Mama Lehemu mwenyewe hakuwahi kuzaa, wala hakuolewa. Basi watu wawili hawa walikuwa wamebaki kwenye nyumba ya vyumba viwili. Walipendana, lakini hakuna aliyejua pa kuanzia kusema.

Jina la Mama Lehemu lilitokana na kazi yake. Lehemu ni ile metali laini ambayo fundi huiyeyusha kwa chuma cha moto ili kuunganisha waya na waya. Yeye alitengeneza redio, feni, pasi na televisheni. Kibanda chake kilikuwa kwenye safu ya vibanda kumi na viwili vya mafundi. Kumi na moja vilikuwa vya wanaume. Adhuhuri wanaume hao walikaa kwenye benchi moja refu, wakala na kubishana mambo ya mpira. Mama Lehemu alikula peke yake, ndani ya kibanda, mlango ukiwa nusu wazi.

"Mimi nimezoea," alikuwa akisema, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Alilisema neno hilo mara nyingi mno kuliko mtu aliyezoea kweli.

Siku ya Jumamosi alikuwa na kazi nyingine. Nyuma ya maktaba palikuwa na chumba kikubwa kitupu. Mkutubi, yaani mama anayetunza vitabu pale, alimwomba awafundishe watoto ufundi. Hakukuwa na mtihani wala sare. Watoto walikuja kufungua vitu vibovu, kuona kilichomo ndani, na kujaribu kuunda vyao. Chumba kile kikaitwa karakana. Jumamosi ya kwanza walikuja watoto ishirini na wawili, mpaka wengine wakakaa dirishani.

Mama Lehemu aliwapa sheria moja: chuma cha kulehemu hakishiki mtu mpaka awe anajua. Chuma ni cha moto, kinaunguza. Anayejua atafanya kazi. Asiyejua atashika tochi, ammulikie mwenzake, atazame na ajifunze.

Mtoto mmoja tu ndiye aliyekuwa anajua. Alikuwa mvulana aliyenyolewa upara, wenzake wakamwita Kipara. Baba yake alikuwa fundi wa simu, naye alianza kushika vyombo vya baba yake tangu hajang'oka meno ya utoto. Kipara akashika chuma. Binti akashika tochi. Ilikuwa hivyo kwa miezi mitano.

Jioni moja Mama Lehemu alikuwa akikata vitunguu. Binti alisimama nyuma yake.

"Mama Mkubwa, shule zikifungwa nataka kuhamia kwa baba mdogo."

Kisu kikasimama. "Umemwambia?"

"Nimemwambia. Amekubali."

"Umekosa nini hapa?"

"Sijakosa kitu. Ila kule kuna watu."

Mama Lehemu aliumia vibaya sana. Alitaka kugeuka na kusema, usiende mwanangu, nitabaki na nani? Maneno hayo aliyasikia yote kichwani, yamepangika vizuri. Kinywani likatoka moja tu.

"Haya," alisema, akaendelea kukata vitunguu. Shule zilibakiza wiki nane kufungwa.

Wiki hiyohiyo mkutubi alifika kibandani kwake. Mkutubi alikuwa amewanyamazisha wasomaji miaka mingi mpaka yeye mwenyewe akawa anaongea kwa kunong'ona, hata sokoni.

"Fundi," alinong'ona, "watoto wamebaki sita."

"Walioondoka hawakuwa na moyo wa kazi."

"Wote kumi na sita?"

Mama Lehemu akajitia kufuta vumbi kwenye feni isiyo na vumbi.

"Kuna mkufunzi," mkutubi aliendelea. "Anawafundisha watu wanaofundisha watoto sayansi na ufundi nje ya darasa. Nimemwomba aje Jumamosi."

"Mimi nifundishwe kufundisha? Mimi nilianza kufungua redio huyo mkufunzi wako hajajua kufunga kamba za viatu!"

Jumamosi ilipofika, mkufunzi alikuwa mzee kuliko yeye, na viatu vyake havikuwa na kamba. Alikuja na chupa ya chai, kigoda, kalamu na karatasi moja. Aliwasalimia watoto, akaketi pembeni.

"Wewe fundisha kama kawaida yako, Fundi," alisema. "Mimi sitasema kitu."

Kila baada ya dakika mbili alitazama saa, akaitazama meza, akaandika nukta moja kwenye karatasi. Mama Lehemu aliona, na nukta zile zikamkera kwelikweli.

Siku hiyo walikuwa wakitengeneza feni ya mezani. Kipara alilehemu waya wa kwanza. Mwenzake mmoja, rafiki yake Kipara, akapewa wa pili. Mkono ulimtetemeka.

"Lete, lete, utaharibu," alisema Mama Lehemu. Akachukua chuma, akainama juu ya meza na kumaliza mwenyewe. Aliendelea kueleza akiwa ameinama hivyohivyo. Watoto watatu walikaa nyuma wakichezea vidole. Binti alisimama ubavuni, ameshika tochi, macho yako dirishani.

Watoto walipotoka, mkufunzi alimimina chai vikombe viwili, akaweka karatasi mezani.

"Nimetazama mara thelathini," alisema. "Kila mara nilijiuliza jambo moja tu. Nani ameshika chuma? Hebu tuhesabu pamoja."

Kipara alikuwa na nukta tisa. Rafiki yake alikuwa na nukta nne. Watoto watatu wa nyuma hawakuwa na hata moja. Binti hakuwa nayo pia, ila pembeni ya jina lake mkufunzi alikuwa ameandika: tochi, mara thelathini.

"Zinabaki kumi na saba," alisema Mama Lehemu. "Za nani?"

"Zako."

Mama Lehemu akazihesabu upya, kwa kidole. Zilikuwa kumi na saba.

"Karakana ni ya watoto," mkufunzi alisema kwa upole, "lakini anayefanya kazi zaidi ni wewe. Anayefuata ni yule aliyekuja akiwa anajua tayari. Wengine wamekuja kutazama."

Hasira ikampanda Mama Lehemu. "Mwalimu, sikiliza. Mimi nilishika tochi kwa fundi wangu miaka miwili. Miwili! Hakuna aliyenibembeleza. Na leo ni fundi."

"Mlikuwa wangapi mlioshika tochi?"

"Wanne."

"Wenzako watatu wako wapi siku hizi?"

"Sijui. Waliacha."

"Hapo ndipo tunapokosea, Fundi. Tunamtazama yule mmoja aliyebaki, tunasema tochi ilimfundisha. Wale watatu tunawasahau." Mkufunzi alipuliza chai yake. "Usidhani nakucheka. Mimi nilisomesha hesabu miaka ishirini na miwili. Nilijiona hodari. Siku moja mwenzangu alikaa nyuma ya darasa langu akahesabu nilikuwa nawauliza nani maswali. Watoto wanne wa mstari wa mbele! Darasa zima, wanne tu. Niliona aibu, nikakosa pa kuuweka uso."

"Ukafanyaje?"

"Nikaanza kuwauliza walioacha. Nawe nenda kawaulize. Usiseme, mbona hamji? Hilo linawafanya wajitetee. Sema, niambie siku moja uliyojisikia vibaya karakana. Halafu nyamaza. Usijitetee hata kidogo. Sikiliza tu."

Kazi ya kunyamaza Mama Lehemu aliiona rahisi. Alikuwa amenyamaza maisha yake yote.

Alianza na msichana aliyeacha mwezi wa pili. Msichana huyo hakusikia vizuri, na watoto walimwita Kimya kwa sababu karakana hakuwahi kutoa neno. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Mama Lehemu alimkuta Kimya kibarazani kwao, akiongea. Aliongea na mama yake, na wateja, na paka, bila kupumua.

"Fundi!" Kimya alishangaa. "Umetufuata mpaka huku?"

Mama Lehemu akauliza kama alivyofundishwa. Kimya hakusubiri kuulizwa mara mbili.

"Mimi nasoma midomo. Sasa wewe ukifundisha unainama. Naona kisogo chako tu. Kisogo chako nakijua vizuri sana, Fundi, hata nikikutana nacho sokoni nitakisalimia. Lakini maneno siyajui."

Mama yake alimkanya kwa kumvuta shati. Mama Lehemu alitaka kusema kwamba hakujua. Akakumbuka asijitetee. Akatazama cherehani, akaona mkanda wake umeungwa kwa ustadi, kwa kamba na kipande cha mpira.

"Nani ameunga mkanda huu?"

"Mimi," alisema Kimya.

"Miezi miwili nilikuwa na fundi ndani ya chumba," Mama Lehemu alimwambia mkufunzi baadaye, "na mimi nikamwona hajui kitu."

"Kila mtoto anakuja na ujuzi wa nyumbani kwao," mkufunzi alijibu. "Mmoja anaunga mkanda, mwingine anajenga banda la kuku, mwingine anasuka nywele kwa hesabu. Sisi tunapenda ujuzi wa Kipara kwa kuwa unafanana na wetu. Anza na kile wanachokijua. Halafu waache wachague wanachotaka kuunda."

Aliwauliza watoto saba kwa siku nne. Mmoja alisema meza ilikuwa juu mno, kidevu chake ndicho kilichofika. Mwingine alisema alichekwa alipokosea, na Fundi hakusema kitu. Msichana mmoja alisema, "Wavulana walikuwa wanapewa chuma, sisi tunaambiwa tufagie mwishoni." Mama Lehemu alisikiliza. Kila jioni alirudi nyumbani amechoka kuliko siku za kazi.

Alikuwa amebakiza mtu mmoja wa kumuuliza. Mtu huyo alikaa naye nyumba moja, na ndiye Mama Lehemu aliyemwogopa kuliko wote.

Siku ya tano walipokaa kula, hakutazama ukuta. Alimtazama binti.

"Mwanangu, niambie siku moja uliyojisikia vibaya karakana."

Binti aliacha kula.

"Siku ya redio ya mama," alisema.

Mama Lehemu aliikumbuka. Ilikuwa redio ndogo ya marehemu mdogo wake. Iliacha kulia, binti akaja nayo karakana ameifunga kwenye kanga.

"Ilikuwa nzima ndani ya dakika kumi," alisema, kisha akajiuma ulimi. Alikuwa ameambiwa asijitetee.

"Sikutaka iwe nzima ndani ya dakika kumi. Nilitaka niitengeneze mimi." Sauti ya binti ilianza kukatika. "Nilikuwa nimeisoma wiki nzima. Nilijua waya uliokatika ni upi. Ukasema, lete, utaharibu. Ukaifungua. Ukampa Kipara alehemu. Kipara, Mama Mkubwa! Redio ya mama yangu. Mimi nikashika tochi."

Mama Lehemu aliiona siku ile yote, sasa akiwa upande wa pili wa meza. Alikumbuka hata kwamba tochi ilikuwa ikicheza, na yeye akasema kwa ukali, mulika vizuri. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

"Nisamehe, mwanangu."

Binti alitikisa kichwa, kuonyesha amesikia. "Najua ulitaka kunisaidia."

"Bado unataka kwenda kwa baba mdogo?"

"Sijui, Mama Mkubwa." Akainuka na sahani yake. Lilikuwa jibu la kweli, na Mama Lehemu alikaa nalo mezani mpaka chakula kikapoa.

Siku iliyofuata alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Adhuhuri alitoka kibandani, akaenda mpaka kwenye benchi la mafundi. Mabishano ya mpira yakakatika ghafla.

"Naomba vyuma vya kulehemu vya kuazima," alisema. "Vitatu. Kila Jumamosi. Ni kwa watoto."

Wakatazamana. Fundi wa majiko, mzee kuliko wote, akasogea kumpa nafasi. "Kaa kwanza, Mama. Miaka yote hii hujawahi kutuomba hata bisibisi. Sisi tulidhani hututaki."

"Na mimi nilidhani ninyi ndio hamnitaki," alisema Mama Lehemu. Alikaa dakika chache, mgongo wima, hajui mikono aiweke wapi. Akarudi na vyuma vinne.

Yeye na mkufunzi wakaipanga karakana upya. Seremala alikata miguu ya meza, na mtoto mfupi sasa akaifikia. Viti viliwekwa kwa duara, na Mama Lehemu akajifunza kusema kwanza akiwa ameinua uso, kisha ndipo aonyeshe. Mkutubi alipita nyumba kwa nyumba kuwaalika wasichana na wavulana, akinong'ona mlango hadi mlango.

"Sheria yangu je?" Mama Lehemu aliuliza. "Chuma kinaunguza kweli, mwalimu. Sitaki mtoto aumie."

"Hapo una haki. Ila usalama unafundishwa, tena siku ya kwanza, tena kwa wote. Ukimnyima mtoto chuma hujamfundisha usalama. Umemfundisha kwamba chuma si chake."

Basi Jumamosi hiyo kila mtoto alifundishwa kushika mpini na si ncha, kuvaa miwani, kukirudisha chuma kwenye kishikio chake, na kufungua dirisha moshi utoke. Walijaribu kwanza kwenye vipande vya waya wa zamani, ambavyo hata vikiharibika hakuna hasara. Kengele ililia kila dakika kumi, na ikilia chuma kilihamia kwa mwingine. Kufagia walifagia wote.

Kipara ndiye aliyenuna. "Sasa mimi nitafanya nini?"

"Utawaeleza wenzako," mkufunzi alimwambia, "ila bila kugusa."

"Nisiguse kabisa?"

"Kabisa."

Kipara alikalia mikono yake. Alianza kueleza, akakwama, akaanza upya. "Unafanya hivi... siyo, unaweka ile... aa! Kumbe kusema ni kazi!" Watoto wakacheka, naye akacheka. Siku hiyo alijifunza jambo ambalo chuma hakikumfundisha.

Mama Lehemu naye alipewa dawa hiyohiyo. Mkufunzi alimwambia aweke mikono mifukoni, na kila akitaka kusema "lete" aulize "umeona nini?" Kazi ile ilimtoa jasho. Kimya alikuwa anatengeneza kengele ya mlango isiyolia, inayowasha taa, ili wageni wakibisha yeye aione. Aliunganisha waya kinyume mara tatu. Mama Lehemu aliuona waya ule tangu mara ya kwanza. Vidole vilimwasha mfukoni.

"Umeona nini?" aliuliza, uso umeinuka.

"Taa haiwaki."

"Umeona nini kingine?"

Kimya alizungusha kile kidude, akakikodolea macho. "Ngoja. Ngoja, Fundi, usiniambie!" Akageuza waya. Taa ikawaka. Alipiga kelele ambayo mkutubi aliisikia kwenye rafu za mwisho, na kwa mara ya kwanza hakumnyamazisha mtu.

Jumamosi mbili za mwanzo binti hakuja. Mama Lehemu hakumlazimisha. Alimwambia tu, "Leo tunafanya swichi," kisha akaondoka peke yake. Jumamosi ya tatu binti alisimama mlangoni mwa karakana. Kengele ilipolia, mtoto mmoja akamsogezea chuma, akamwambia, "Zamu yako." Binti akakaa.

Wiki zilikwenda. Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufungwa, mkufunzi alirudi na karatasi yake. Watoto walikuwa kumi na saba, wasichana tisa. Sasa vilikuwepo vyuma vitano, na nukta zilikuwa zimeenea ukurasa mzima. Mama Lehemu alikuwa na mbili.

"Mbili nyingi," alisema mwenyewe.

Binti alikuwa anaunda feni ndogo ya kuweka kando ya kitanda. Lehemu yake ilikaa juu ya waya kama tone la uji, kisha waya ukachomoka. Mama Lehemu akasogea, mikono mifukoni.

"Umeona nini?"

"Haijashika. Nadhani waya ulikuwa baridi." Binti akajaribu tena. Waya ukachomoka tena. Akainua uso. "Mama Mkubwa, toka nje kidogo. Ukinitazama mkono unatetemeka."

Mama Lehemu akatoka. Alikaa kwenye ngazi za nyuma za maktaba, jua likimpiga magotini. Alisikia kelele za ndani, vicheko, kengele, Kipara akieleza na kukwama. Karakana ilikuwa inakwenda bila yeye. Alifurahi, na alijisikia mpweke sana, yote mawili kwa wakati mmoja. Keshokutwa binti angefunga mizigo. Aliufikiria mlango wa nyumba yake, na ukimya wa nyuma ya mlango huo.

Muda si mrefu binti akatoka, akaketi ngazi ileile.

"Imezunguka," alisema.

"Alhamdulillahi."

"Imenizungusha kwanza mimi, ndipo ikazunguka." Akapangusa mikono kwenye sketi. "Nimempigia simu baba mdogo. Nimemwambia nitakwenda wiki moja tu. Kusalimia."

Mama Lehemu aliangalia chini, akatafuta neno. Safari hii akalipata. "Wiki ni ndefu. Nyumba haina raha bila wewe. Urudi, mwanangu."

"Nitarudi," alisema binti. "Mwalimu ameniambia nawe ulishika tochi. Miaka miwili."

"Anaongea sana yule mzee."

"Ulikuwa unajisikiaje?"

Mama Lehemu alikuwa na jibu lake la siku zote: nimezoea. Akalitafuta, likakataa kutoka. Katika miaka thelathini hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo, si fundi wake, si jirani wa kibanda, si mdogo wake marehemu.

"Nilikuwa nalia," alisema. "Kila Jumatatu. Nilikuwa naingia chooni, nafungulia maji nisisikike."

"Kwa nini Jumatatu?"

"Kwa sababu Jumatatu zilikuwa zimebaki siku tano nyingine za kusimama pale, na hakuna mtu wa kuongea naye."

Binti akamsogelea mpaka mabega yao yakagusana. "Pole, Mama Mkubwa."

Pole hiyo ilikuwa imechelewa sana, na aliyeileta hakuwa hata amezaliwa wakati ule. Mama Lehemu aliipokea hivyohivyo. Ndani kengele ililia, chuma kikahama mkono, na hakuna kati yao aliyeinuka.

"Na Jumanne je?" aliuliza binti. "Jumanne ilikuwaje?"

Mama Lehemu akanyoosha miguu yake, akaanza kumsimulia Jumanne.